Émile na Mnyama wa Baba Mkwe

Shemeji yangu Émile hutembea akiangalia chini. Siku alipofika kwetu Karuba, milimani Masisi, mara ya kwanza, kumposa dada yangu Niyigena, wachungaji waliokuwa kwenye mteremko walimwona akipanda kilima huku ameinamisha kichwa, wakasema huyu kijana ama amepoteza kitu, ama ana haya. Hakuwa amepoteza kitu. Haya anazo kweli, lakini si hizo zilizomwinamisha. Alikuwa akisoma njia. Alipoketishwa mbele ya baba yangu, pale ambapo mposaji hutakiwa kuanza na salamu ndefu na habari za ukoo wake, yeye aliuliza kwanza:

"Papa, ile ngombe yenye inachechemea, mulishaipatia dawa?"

Baba yangu anaitwa Damascène. Amefuga ng'ombe na kutengeneza fromaji, yaani jibini, tangu ujana wake, na pale Karuba anajulikana kwa mambo hayo mawili na kwa kutocheka ovyo. Alimtazama huyo kijana wa Walikale, mtu wa msituni, ambaye kwao hakuna hata ng'ombe mmoja.

"Uliiona wapi?"

"Sikuiona, Papa. Niliona kwenye ilipita."

Baba alicheka. Mama husema kwamba posa ilikubaliwa hapohapo, na maneno yote yaliyofuata, ya wajomba na ya mchungaji wa kanisa, yalikuwa ya kujaza siku tu.

Émile alizaliwa Butonde, kijiji kilichoko ndani ya msitu wa Walikale, mwendo wa siku moja kutoka Kalembe, nusu kwa pikipiki na nusu kwa miguu. Baba yake alikuwa mwindaji, na ndugu za baba yake vilevile. Alifundishwa kufuata nyayo kabla hajafundishwa kusoma, na katika rika lake hakuna aliyemshinda. Kisha watu wa Butonde na wa vijiji jirani, pamoja na mwami wao, ndiye chifu, walikubaliana kutenga sehemu ya msitu wao iwe hifadhi: hakuna kuwinda humo, hakuna kukata miti, hakuna kuchimba madini. Humo wanaishi gorila. Wakatafutwa vijana wa kuwalinda, na Émile akawa mmoja wa wafuata nyayo, ambao wenyewe hujiita pisteri. Kazi yao ni kwenda kila asubuhi mahali gorila walipolala, kuwafuata mpaka wawakute, kuangalia kama wote ni wazima, na kurudi. Mara chache huja mgeni, mtafiti au mtalii aliyevumilia barabara yetu, naye wanampeleka.

Niliwahi kumuuliza kwa nini aliacha uwindaji. Nilitegemea aseme kwamba wanyama wanakwisha, maana ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Alifikiri kidogo.

"Shemeki, mi nilikuwa napenda kufwata. Kuua ilikuwa tu pahali kufwata inaishia. Sasa haiishie."

Kwa jinsi alivyosema, nilielewa kwamba alijiona mtu mwenye bahati.

Jambo moja tu lilimsumbua: mawe matatu yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake. Alikuwa ameyatoa mtoni mwenyewe, meusi na laini, mwaka aliomwoa Niyigena. Yalikuwa mafiga ya jiko la mke wake. Lakini hayakuwa yamewekwa. Kuku walikuwa wamezoea kupanda juu yake, na Niyigena aliendelea kupika kwenye moto wa mama mkwe wake, Mama Céline, kama mgeni aliyekuja kukaa wiki moja. Mtoto wao Plamedi alikuwa ameshaanza kutembea.

Sababu ni desturi ya ukoo wa Émile. Katika ukoo wao jiko la mke haliwashwi mpaka baba yake afike kumtembelea, na akifika, mume humwekea mbele yake mnyama aliyemfuata mwenyewe msituni. Si wa kununua, si aliyeletwa na ndugu. Na kabla ya chakula mume husimulia njia yote, tangu wayo wa kwanza: hapa alilala, hapa alikunywa, hapa aligeuka. Wazee wa upande wake huitika kila sentensi, "Fwata!" Njia ikiisha, mkubwa wao husema, "Imefika." Hapo ndipo mafiga huwekwa. Watu wa Butonde ni Wakristo, wanajaza kanisa kila Jumapili, na hawaoni kwamba jambo hilo linamchukiza Mungu.

Kwa miaka hiyo baba hakuweza kwenda. Njia ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kwa ajili ya usalama, na mtu hatoki Masisi kwenda Walikale kwa sababu tu amemkumbuka binti yake. Ilipotulia, Niyigena alipanda kilima cha mtandao kule Butonde akapiga simu.

"Papa, kuyeni. Minachoka kupika kwa moto ya mutu."

Tulikwenda wawili, baba na mimi, kwa pikipiki mbili, na fromaji zimefungwa nyuma ndani ya majani ya migomba. Tulilala Kalembe kwa watu wa kanisa letu. Jioni, tukila maharage, baba aliweka kijiko chini.

"Kule banakulaka nini?"

"Fufu, Papa. Sombe. Samaki ya mutoni."

"Na makako, wale kima."

"Pengine."

"Wakiniwekea mukono ya makako mu sahani, na vidole vyake, mi nitafanya je?"

"Mutasema aksanti."

"Aksanti nitaisema. Halafu?"

Baba alikichukua tena kijiko, lakini hakula kwa furaha.

Kesho yake, pikipiki zilipotuacha na njia ikaingia kwenye miti, alianza kutafuta mbingu. Mtu wa Karuba amezoea kuona kilima cha tano nyuma ya kile cha nne. Mle ndani haoni hata mgongo wa aliye mbele yake njia ikipinda. "Ngombe ingekula nini hapa?" aliuliza. Baada ya mwendo mrefu aliuliza tena. Tulipofika Butonde na Niyigena akaja mbio, Plamedi mgongoni, baba alimshika kichwa, akamwombea, kisha akamwambia: "Mutoto wangu, majani iko wapi kwenu?"

"Majani njo hii yote, Papa," alisema Niyigena akionyesha miti, huku analia na kucheka.

Tulikaribishwa barazani. Mkubwa wa ukoo ni Papa Hubert, kaka wa marehemu baba yake Émile, mzee mfupi mwenye kikopo cha tumbaku ya kunusa ambacho hakitoki mkononi mwake. Baada ya salamu, baada ya fromaji kupokelewa na kunuswa kwa mashaka na Mama Céline, Papa Hubert aliingia kwenye jambo lenyewe, mbele yetu sote.

"Émile. Bokilo yako amefika. Mnyama iko wapi?"

Émile alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi karibu na mlango, mbali na baba, kwa maana kwao mkwe hamkaribii bokilo, yaani baba wa mke wake, wala hamgusi.

"Papa, munajua."

"Ninajua nini? Ngambo ya mto banawinda. Haiko mu hifadhi. Enda utege nungu. Moja tu. Nungu, ata mwanamuke anaweza kuibeba."

"Niliapa."

Hilo lilikuwa kweli. Pisteri wote waliapa kanisani, na mwami akiwapo, kwamba hawatatega tena mahali popote. Anayetega anaondoka kwenye kazi, na wenzake ndio wanaomwondoa.

"Uliapa ju ya banyama ya ile pori."

"Niliapa ju ya mikono yangu," alisema Émile. "Mikono inavuka mto pamoja na mimi."

Baba, aliyekuwa akifuata maneno hayo kwa kugeuza kichwa huku na huku, aliona mlango wa kutokea na akaukimbilia.

"Bandugu, musisumbuke ju yangu. Mi nyama ya pori sikuli. Kwetu hatuizoee. Sombe inatosha kabisa."

Nilidhani mambo yamekwisha. Papa Hubert alinusa tumbaku yake, akapiga chafya, akajifuta.

"Papa Damascène, kula ni mambo yako. Kukuwekea ni mambo yetu. Hii nyumba haiyakaa bado. Yale mafiga itabakia pale kwa ukuta, na kuku watataga juu yake."

Niyigena alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Si mahali pake kusema barazani. Aliiweka sufuria chini, na ililia kuliko ilivyohitaji.

Émile alimtazama mke wake, kisha akatazama chini, kama anavyofanya njiani. Aliposema, alisema taratibu.

"Kama ni kumuwekea tu. Mnyama ni lazima akufe?"

"Mnyama muzima nani atamuweka?"

"Mi. Nitafwata tangu kwenye alilala. Nitasema njia yote. Nitafikisha bokilo mbele yake. Na mutakuwa munaitika, Papa, kama siku zote."

"Mnyama gani huyo?" aliuliza Papa Hubert, ingawa alishajua.

"Prefe."

Prefe ni jina ambalo pisteri wamempa dume mkubwa wa lile kundi la gorila, mwenye mgongo wa fedha. Wanasema hutembea nyuma ya wote na kukagua, kama mkuu wa shule ya sekondari.

"Ngagi?" alisema baba, maana ndivyo gorila anavyoitwa kwetu. Sijawahi kusikia sauti yake ikipanda hivyo, isipokuwa ndama akizaliwa.

Papa Hubert alifunga kikopo chake. "Nitaenda," alisema, "ju ya kuona haya yenu na macho yangu. Lakini kuitika, siitike."

Asubuhi tulikuwa kwenye kambi ya pisteri, vibanda vichache na bendera, mbele ya Mama Bibiche, mkuu wa kambi. Ni mwanamke mnene mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Wageni wote hupitia kwake, na alitupitisha kama watalii waliotoka Ulaya.

"Nani anakohoa? Nani iko na mafua? Nani alihara usiku? Museme, hapa hakuna haya. Gorila wanapata magonjwa yetu mbio kuliko mutoto." Alitugawia barakoa. Kisha akanyoosha mkono kwa Papa Hubert. "Tumbaku."

"Tumbaku namna gani?"

"Ile mu mukono yenu. Mukipiga chafya mbele ya Prefe, anapata mafua. Yeye hana dispansere."

"Bibiche, mi nilizaliwa mu hii pori!"

"Na tumbaku mu pua?"

Pisteri waligeuka pembeni wakicheka kwenye barakoa zao. Papa Hubert alimkabidhi kikopo kama mtu anayemwacha mtoto wake kwa mgeni, na tangu hapo hakumwambia neno.

Mama Bibiche alitueleza yaliyobaki. Hatutasogea karibu kupita mahali Émile atakapoonyesha. Hatutanyooshea mtu wala mnyama kidole. Na dume akisimama, sote tunachuchumaa, tunaangalia chini, hatukimbii. "Ata kama mutu iko mukubwa namna gani kwake," aliongeza, akiwatazama wazee wawili.

Émile alitupeleka kwanza kwenye malalo. Gorila hujitengenezea kila jioni kitanda kipya cha majani yaliyokunjwa, na asubuhi hukiacha. Tulivikuta vitanda vile chini ya miti, vikubwa na vidogo, bado vimebonyea. Harufu ilikuwa nzito, ya jasho na ya majani yaliyosagwa. Émile alisimama kando ya kile kikubwa. Alivua kofia. Sauti yake ilibadilika. Haikuwa ya yule shemeji anayenong'ona mlangoni.

"Hapa njo alilala. Aliangalisha uso kwenye mwanga inatokeaka. Mama mumoja alilala karibu na yeye, na katoto."

Akanyamaza, akingoja. Papa Hubert alikuwa ameshughulika na kamba ya kiatu chake.

Émile aliendelea. Alitufikisha kwenye mashina ya matungulu, tangawizi ya porini, yaliyochubuliwa, ganda limetupwa, na moyo wake mweupe umeliwa. "Hapa aliamuka na njaa. Alikula akikaa, hakuwa na haraka." Akangoja. Ndege fulani alilia juu, ikawa ndiye pekee aliyejibu. Alitembea tena, akainama, akaonyesha mahali majani yalipolala upande mmoja. "Hapa aliacha wengine wapite mbele." Akangoja.

Baba alinivuta mkono wa shati.

"Mbona anasema peke yake?" alinong'ona. "Haifai mutu aseme vile na hakuna mwenye anaitika. Banaitikaka nini?"

"'Fwata', Papa."

Sikufikiri zaidi ya hapo. Aliniuliza, nikamjibu. Tulifika kwenye kijito, na matopeni palikuwa na alama za vifundo vya ngumi, vinne vinne, maana gorila hukanyagia vidole vilivyokunjwa ngumi. Maji yalikuwa bado yanaingia ndani yake. Émile alisema: "Hapa alivuka, haiko zamani."

"Fwata!" alisema baba, kwa sauti aliyozoea kuitia ng'ombe kutoka kilima cha pili.

Papa Hubert aligeuka kana kwamba ameumwa na siafu.

"We! Bokilo! We hauitike!"

"Kwa nini?"

"We njo unawekewa! Mwenye anawekewa anaitika je? Ni kama maiti anaimba mu kilio yake!"

"Basi nani aitike? Kijana anasema, mumenyamaza kama mawe."

"Wa kwetu njo banaitikaka!"

"Wako wapi?"

Pisteri wawili waliokuwa nyuma yetu waligeukia miti. Émile alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito, maji yakimtiririka kwenye suruali, na nilimwona akiuma mdomo wake. Alipiga hatua chache, akatazama chini.

"Hapa alingojea katoto kavuke."

Baba alivuta pumzi, tayari. Papa Hubert alimwona akivuta pumzi.

"Fwata!" alisema Papa Hubert, upesi, amwahi.

Basi ndivyo ilivyokuwa kuanzia hapo. Mara za mwanzo aliitika kwa hasira, ili tu baba asiharibu. Lakini wito ule una mwendo wake, na mzee huyo alikuwa ameuitikia tangu ujana, kwa kaka zake, kwa watoto wao. Baada ya muda hakuwa tena akimtazama baba. Alikuwa akitazama chini pamoja na Émile, akitangulia kwa macho kutafuta alama inayofuata, na "fwata" yake ilitoka chini ya kifua, nzito, bila kelele. Mahali fulani Émile alisita mbele ya njia mbili za majani yaliyolala. Papa Hubert aligusa jani moja kwa fimbo yake. Émile alishalitazama jani lilelile. Wakaenda.

Kisha Émile akainua mkono, nasi tukavaa barakoa.

Sijui nilitegemea nini. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu gorila, na hakuna nilichosoma kilichonikumbusha kwamba watakuwa wanatafuna kwa kelele. Ndicho nilichokisikia kwanza, mashina yakivunjika na midomo ikila, kama jamaa waliokaa mezani. Halafu mama mmoja alionekana kati ya majani, na mtoto amemlalia begani. Mtoto alitutazama, akashika sikio la mama yake. Nyuma yao, amekaa na mikono juu ya magoti, alikuwapo Prefe. Mgongo wake ulikuwa mpana kuliko mlango wetu wa Karuba.

Baba alitoa kofia. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa Butonde asingelifanya hata akilewa. Alimsalimia. Kwetu mtu haingii zizini kimya. Huwaambia ng'ombe kwamba amefika, kwa sauti ya chini, na kwa ulimi hupiga mlio fulani ili wamjue. Baba alipiga mlio ule.

Prefe alisimama.

Sote tulichuchumaa. Nilikuwa naangalia viatu vyangu na kusikia majani yakipasuka, na kifua kikipigwa mapigo yale yanayoingia mpaka tumboni. Nilipoinua jicho kidogo nilimwona baba bado amesimama wima, kofia mkononi. Hakuwa shujaa. Alikuwa akifanya alichofanya maisha yake yote mbele ya fahali, maana mchungaji akimwinamia fahali, siku hiyo hana kazi tena.

Émile alitoka mahali pake. Aliweka mikono miwili kwenye mabega ya baba wa mke wake, akamkandamiza chini mpaka magoti yakagusa matope, na akabaki amemshika. Kisha akatoa kooni mngurumo wa chini, mrefu, kama mtu mwenye shibe. Akatoa mwingine. Prefe alituangalia mmoja baada ya mwingine, mkuu wa shule kweli. Akang'oa shina. Akakaa, akatugeuzia mgongo.

Émile aliona mikono yake iko wapi, akaiondoa kama imeungua.

"Papa, munisamehe. Nimewagusa."

"Shika tena kama ataamuka," alinong'ona baba.

Tulikaa pale, matopeni, muda ambao wageni huruhusiwa. Mtoto wa gorila alishuka begani, akapanda mgongo wa Prefe, akateleza, akapanda tena. Papa Hubert alikuwa karibu yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika pembeni, kama unashika mkuki ambao haukuwapo, na polepole niliuona ukifunguka.

"Mi nilizoea kuona mugongo yao tu," alisema ndani ya barakoa yake, hata sijui alikuwa akimwambia nani. "Bakikimbia. Sikujua banachezaka."

Émile alisogea kidogo mbele, bado amechuchumaa. Akasema sentensi ya mwisho.

"Papa Damascène, nilimufwata tangu kwenye alilala mpaka hapa. Mnyama wenu njo huyu."

Tulingoja. Nilimfikiria Niyigena na ile sufuria. Papa Hubert alitafuta kikopo chake cha tumbaku mfukoni, akakumbuka kwamba hakipo. Alimtazama Prefe, akatazama nyayo nyuma yetu, zetu na zao zikiwa zimechanganyika. Alikuwa ameziitikia mwenyewe. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu.

"Imefika," alisema.

Tuliporudi kambini na barakoa zimevuliwa, Mama Bibiche alisikia habari yote kutoka kwa pisteri kabla hatujakaa. Alimrudishia Papa Hubert kikopo chake, akamgeukia baba.

"Sasa Papa, mumepewa gorila. Mutamubeba na nini? Na pikipiki?"

Watu walicheka, lakini baba hakucheka. Alikuwa amelifikiria jambo hilo njiani, kwa uzito.

"Kwetu," alisema, "mutu akipewa ngombe na hana malisho, anaiacha kwa ule mwenye alimupa, amuchungie. Inabakia ngombe yake. Mi Karuba sina majani ya Prefe. Basi mukwe wangu anichungie."

Papa Hubert alipiga chafya mara kadhaa kwa raha. Kisha akasema maneno hayo ni mazuri, na kwamba hakujua watu wa ng'ombe wana akili hivyo. "Umesikia, Émile? Sasa hauchunge ya kambi tu. Unachunga ya bokilo. Ikipotea, utalipa na nini?"

"Haitapotea, Papa."

Tangu siku hiyo, baba akipigiwa simu kutoka Butonde, huuliza kwanza habari za Plamedi, kisha za mvua, kisha huuliza: "Na ile yangu?" Émile humweleza ililala wapi. Nyumbani tumezoea kumsikia baba akijibu "fwata" kwenye simu, ingawa alishakatazwa.

Mafiga yaliwekwa jioni ileile, jua likiwa bado juu ya paa. Papa Hubert alibeba la kwanza, akafukuza kuku kwa mguu. Baba alibeba la pili. Alilipima mkononi na kusema ni jiwe zuri. La tatu ni la Émile, na alilichimbia kwa uangalifu mno mpaka Niyigena akamwambia aache, halitikisiki. Mama Céline alileta kaa la moto kutoka jikoni kwake kwenye kigae, akaliweka katikati, akamkumbatia mkwe wake Niyigena kwa upande, mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa na majivu.

Niyigena alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese. Pembeni alichoma fromaji juu ya bati, mpaka ikawa na ngozi ya kahawia, na Mama Céline, aliyekuwa ameinusa kwa mashaka, aliomba tena. Papa Hubert alisema inafanana na kitu fulani ambacho angekikumbuka kama angeongezewa. Baba alikula sombe mpaka akalegeza mkanda.

Émile hakula upesi. Alikuwa amechuchumaa akiangalia udongo mpya kuzunguka mafiga, mahali ambapo nyayo za watu wote zilikuwa zimekanyagana, na vidole vidogo vya Plamedi juu ya zote. Kuku mmoja, aliyezoea mawe yale, alirudi, akaruka juu ya figa la tatu, akaguswa na joto, akapiga kelele.

"Toka!" alisema Niyigena, akiinua mwiko. "Toka mu jiko yangu!"

Alisikia neno alilosema. Akalirudia, polepole kidogo, ingawa kuku alikuwa ameshakimbia.